Mombasa kwa lenzi pana: wiki ya kufuata maji

Jumatatu: kufika

Nimekuja Mombasa kwa kazi moja, kupiga picha za mandhari kwa lenzi pana, na kuzipiga vizuri kuliko zile tunazoziona kila siku: mbingu tupu juu, bahari tupu chini, na mstari mwembamba wa minazi katikati. Picha za namna hiyo haziharibiwi na kamera. Zinaharibiwa na imani kwamba lenzi pana imetengenezwa ili iingize kila kitu ndani ya fremu. Lenzi ya milimita 16 kwenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24 huona karibu digrii 97 kwa upana. Ya milimita 24 huona digrii 74. Ukisimama ufukweni na upana wote huo, vilivyo mbali vinakuwa vidogo mno na nafasi inayobaki inajaa utupu. Ndiyo maana ni lazima pawe na kitu mbele, karibu na miguu yako, kinachostahili nafasi hiyo. Na katika pwani yetu, kilicho karibu na miguu yako kinaamuliwa na maji. Yamepwa au yamejaa? Ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu?

Wapiga picha wengi hupanga safari zao kwa saa za jua. Wiki hii naipanga kwa saa za maji kwanza, jua litafuata.

Basi la kutoka Tanga limetuvusha Horohoro na Lunga Lunga bila shida, na alasiri tukashuka Likoni. Kwenye feri kamera imekaa mkobani. Pale pana askari, na mwenye kutaka picha za kivuko aombe ruhusa kwanza. Binamu yangu amenipokea upande wa kisiwani, tukaja moja kwa moja kwa shangazi, Kibokoni, Mji wa Kale. Binamu ana kamera yenye sensa ndogo na lenzi ya 10–18, ambayo ikiwa kwenye 10 huona takriban kile ninachokiona mimi kwenye 16. Tutafanya kazi pamoja.

Baada ya isha tumefungua jedwali la maji la Kilindini. Mwezi utakuwa mpevu Jumamosi. Maana yake kesho maji bado yana tabia ya maji mafu: yatapwa karibu na wakati wa jua kuchomoza, lakini hayatatoka mbali. Kila siku yatachelewa, kwa wastani wa dakika 50 hivi, na bamvua likifika mwisho wa wiki, kupwa kutakuwa kuelekea saa nne asubuhi, jua likishakuwa kali. Mombasa iko hivyo mwaka mzima. Bamvua hupwa katikati ya asubuhi na tena usiku, kwa hiyo ni nadra kuuona mwamba wote wa nje ukiwa chini ya mwanga laini wa alfajiri. Anayetaka vyote viwili kwa siku moja atasubiri sana. Sisi tutachukua kila siku kwa kile inacholeta.

Jumanne: Nyali

Saa kumi na moja na nusu tuko ufukweni. Kaskazi inavuma polepole, na upande wa mashariki kuna mawingu machache ya chini, mazuri kwa kazi hii kwa sababu yatashika rangi. Maji yamerudi nyuma kiasi, yameacha mchanga uliokunjamana, mikunjo midogo inayofuatana sambamba na ufuko, na katika kila bonde kuna maji ya kina cha kidole. Ngalawa moja imekaa mchangani, tanga limeshushwa, imeegemea mrengu wake wa kushoto, ule ubao wa pembeni unaokizuia chombo kisipinduke.

Binamu alisimama wima akainua kamera usoni. Nikamwambia apige hivyo hivyo kwanza, tupate cha kulinganisha. Katika picha ile mikunjo ya mchanga ilikuwa chapa tu, na ngalawa ilielea katikati, haina uhusiano na chochote. Kisha tukaisogelea mpaka tukabaki mita moja na nusu hivi kutoka ncha ya mrengu, tukashusha tripodi mpaka gotini. Mikunjo ikapata mgongo na kivuli. Bonde la kwanza likachukua karibu theluthi yote ya chini, na mrengu ukawa mstari unaolivuta jicho kutoka kona ya kushoto hadi ubavuni mwa chombo.

"Dada, mbona sasa ngalawa imeshikana na bahari?"

Aliona sawasawa. Ukingo wa chombo ulikuwa umekata mstari wa upeo wa macho, na vitu viwili vikishikana hivyo, jicho halijui kipi kiko mbele. Hapa kuna kanuni ambayo haina haja ya hesabu kubwa: kwenye uwanja ulio tambarare, kilicho kifupi kuliko kamera hubaki chini ya upeo, na kilicho kirefu kuliko kamera huukata. Ukingo wa ngalawa ulitufika juu kidogo ya goti. Tukapandisha kamera mpaka kiunoni, na papo hapo pakafunguka ukanda wa mchanga unaong'aa kati ya chombo na maji. Mlingoti peke yake ndio uliovuka kwenda mbinguni, na huo niliutaka uvuke. Tulipoteza kidogo ukubwa wa mikunjo ya mbele. Kwa maoni yangu, ukanda ule una thamani zaidi.

Fokasi. Kwa 16 na tundu la lenzi la f/11 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo), ukiilenga fokasi kwenye kitu kilicho sentimita 80 mbele yako, utapata ukali unaokubalika kuanzia sentimita 40 hivi hadi mwisho wa dunia. Kwa 24 na tundu hilo hilo, lenga mita 1.75. Watu wengi hulenga upeo wa macho kisha wanashangaa mchanga wa mbele umekuwa laini, nao wanakimbilia f/22 kuokoa hali. Tundu likiwa dogo kiasi hicho, mwanga wenyewe unatawanyika ukipita na picha nzima inalegea. Kwenye f/11 unaweza kukaa siku nzima.

Dakika kumi kabla ya jua, ISO 100 (ISO ni wepesi wa sensa kwa mwanga), f/11, kipimo cha mwanga kilitaka robo ya sekunde. Anga ilikuwa ya waridi na histogramu, grafu ya mwanga wa picha, imekaa vizuri, haijagusa ukuta wa kulia. Lakini histogramu ya jumla haisemi yote wakati wa macheo. Nilipofungua ile ya rangi tatu, nyekundu ilikuwa imeshagonga ukingo ilhali kijani na buluu bado zina nafasi. Wekundu ukiungua, wingu linageuka doa la rangi moja lisilo na mikunjo, na hakuna programu itakayokurudishia kilichopotea. Nikapunguza theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza nusu). Mchanga ukawa mweusi kidogo kwenye kioo cha kamera. Kwenye faili la RAW, lile ghafi la kamera, unainuka bila shida, maana vivuli vya ISO 100 vina akiba kubwa.

Jua lilipotoka, saa kumi na mbili na nusu, tofauti kati ya anga na mchanga ikaongezeka haraka. Tulipiga kwa dakika chache zaidi, kisha mwanga ukawa wa kawaida na tukafunga.

Jumatano: Ngome na vichochoro

Maji yamepwa saa moja na nusu hivi, nasi tulikuwa chini ya Ngome ya Yesu kabla ya hapo. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa mpiga picha, la maana zaidi ni kwamba uso wake mmoja unaitazama bahari upande wa mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linaupiga moja kwa moja, na kwamba imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji yakiwa nje, mwamba ule unaonekana: mweusi, wenye matundu, umejaa chaza wadogo na mwani mbichi. Hiyo ndiyo mbele ya picha. Maji yakijaa hakuna mwamba, kuna ukuta na mawimbi tu.

Tatizo la kuta ndefu na lenzi pana linajulikana. Ukiinua pua ya kamera juu ili upate ncha ya ukuta, kuta mbili zinaegemeana kama mtu anayetaka kuanguka chali. Sababu ni kwamba sensa haiko tena sambamba na ukuta. Wengine hunyoosha baadaye kwenye programu, lakini kunyoosha kunakata pembe za picha na kunavuta sehemu za juu. Tulifanya hivi: kamera imesimama wima kwenye tripodi, imewekwa sawa kwa kipimo cha usawa kilicho ndani yake, haikuinama wala kuinuka. Katika hali hiyo upeo wa macho unakaa katikati ya fremu, nusu ya juu inachukua ukuta mzima, na nusu ya chini inachukua mwamba. Kwa kuwa mwamba ulikuwa mzuri, hatukukata kitu. Usipokuwa mzuri, unakata chini nyumbani, na ukuta unabaki umenyooka.

Karibu saa tatu tukaingia vichochoroni. Hapa mwanga unadanganya zaidi. Kipimo cha kamera huchukulia kila kinachokiona kuwa ni kijivu cha kati, kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukuta uliopakwa chokaa unarudisha nyingi zaidi ya hizo. Ukikiachia kipimo kiamue, chokaa inatoka ya kijivu, imechoka. Mbele ya nyumba moja yenye mlango wa nakshi, kamera ilipendekeza 1/500 ya sekunde kwa f/11 na ISO 100. Nikaongeza stopu moja na theluthi, ikawa 1/200, na ukuta ukarudi kuwa mweupe huku nyufa zake na chapa za brashi bado zinaonekana. Ukitaka kuhakiki bila kifaa, kuna kanuni ya zamani ya jua kali: f/16, na shata, muda wa kuacha mwanga uingie, iwe sawa na ISO, yaani 1/100 kwa ISO 100. Kwa f/11 hiyo ni 1/200. Zinakubaliana.

Katika vichochoro vyenyewe niliacha 16 nikatumia 24, na mbingu niliitoa kabisa. Ule ukanda wa mbingu kati ya roshani mbili ni mweupe kuliko kila kitu, na jicho linaukimbilia hata kama picha ni ya mlango. Kuna wanaoupenda. Mimi naona unaiba.

Jambo moja kuhusu watu. Lenzi pana huvuta kila kilicho pembeni, kwa hiyo mtu aliye kwenye kona ya fremu hutoka na kichwa kirefu. Hiyo ni sababu ya kifundi ya kutowaweka watu pale. Sababu kubwa zaidi ni heshima. Mji wa Kale ni nyumbani kwa watu, na mama aliyeketi barazani kwake hajaketi kwa ajili ya kamera yako. Uliza. Ukikataliwa, shukuru uendelee.

Alhamisi

Mawingu mazito kutwa, mwanga bapa, upepo umelala. Tumebaki nyumbani.

Tumeosha miguu ya tripodi kwa maji baridi ya bomba, sehemu moja moja, maana chumvi ikikaa usiku mmoja tu skrubu zinaanza kukwama. Lenzi tumezipangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, kisha kikavu. Kwa lenzi pana jambo hili si la kupuuza: fokasi inaanza karibu sana na kioo, na kwa tundu dogo kila tone la chumvi lililokauka linaonekana, hasa ukielekea jua. Tena msikae kwenye gari lenye kiyoyozi kisha mkafungua mlango ufukweni mkitarajia kupiga papo hapo. Kioo baridi kikikutana na hewa yetu yenye unyevu kinapata ukungu. Fungua madirisha mapema njiani.

Shangazi ameketi nasi kutazama picha kwenye kompyuta. Ile ya Ngome ameipenda. Ile niliyoipiga jana jioni kutoka hapa ufukweni kuelekea Nyali, ameitazama kwa muda.

"Mwanangu, mbona Nyali umeipeleka mbali hivi? Mimi nikisimama hapa naiona iko karibu."

Ni kweli, na ndiyo kazi ya lenzi hii. Ng'ambo ni pale pale, lakini kwenye 16 inakuwa kamstari. Nyali ikiwa ndiyo habari ya picha, weka lenzi ya 50 au 85. Ikiwa habari ni ngazi hizi zenye ukoga na Nyali ni mahali tu zinapoelekea, hapo 16 ina kazi. Shangazi hakukubali kikamilifu, akaenda kupakua biriani.

Ijumaa: mwezi

Baada ya sala ya Ijumaa tulilala kidogo, na saa kumi na moja tukashuka kwenye ngazi zinazoingia majini, si mbali na Bandari ya Kale, kwa ruhusa ya wenyewe. Kesho ndio mwezi mpevu, lakini nilitaka leo. Mwezi wa siku moja kabla ya kupevuka hutoka kabla ya jua kuzama, kwa hiyo kwa muda kidogo unaupata ukiwa umeshapanda ilhali nchi bado ina mwanga. Kesho utatoka wakati jua linazama, na utakapokuwa umepanda vya kutosha, ardhi itakuwa giza.

Kwa upana, mwezi ni nusu digrii tu. Kwenye lenzi ya 16 unachukua takriban milimita 0.14 ya sensa yenye milimita 36, kama sehemu moja kwa 250. Kwa hiyo picha ya mwezi kwa lenzi pana haiwezi kuwa picha ya mwezi. Tulitafuta cha mbele kwanza. Maji yalikuwa yanatoka, yameshuka ngazi kadhaa, na mashua iliyofungwa pale ilikuwa imeivuta kamba yake ikakaza. Kamba ile ni nene, ya katani, nusu ya juu kavu na nyeupe, nusu ya chini imelowa na kushika ukoga, na matone yanaanguka kutoka mahali palipopinda. Nikaweka lenzi sentimita 50 kutoka kwenye fundo. Kamba ikatoka kona ya chini kulia, ikaenda mpaka omo ya mashua, na juu ya omo, mbali, upande wa Nyali, mwezi.

Tukio hili lilinirudisha kwa Ansel Adams, Mmarekani aliyefanya picha za mandhari zikafikiriwa kwa makini. Mwaka 1941, akiendesha gari karibu na kijiji cha Hernandez huko New Mexico, aliuona mwezi juu ya makaburi yenye misalaba iliyokuwa ikipigwa na miale ya mwisho. Kipimo chake cha mwanga hakikuonekana. Lakini alikuwa anajua mng'ao wa mwezi, kandela 250 kwa kila futi ya mraba, akaanzia hapo kupata hesabu yake: sekunde moja kwa f/32. Kabla hajapiga ya pili, jua lilikuwa limeshaiacha misalaba. Mwezi unamulikwa na jua lile lile linalotumulika sisi, kwa hiyo mng'ao wake ukiwa juu haubadiliki sana, na mtu anayeujua anaweza kuutegemea: kwa mwezi mpevu, karibu f/11, ISO 100, 1/100. Ukiwa chini, kwenye hewa nzito ya pwani, unafifia kidogo.

Jua lilipokaribia kuzama nyuma yetu, ukingo wa ng'ambo ulitaka 1/60 kwa f/8. Mwezi ulikuwa juu ya hapo kwa stopu moja hivi. Fremu moja ikabeba vyote. Dakika 20 baadaye kamba ilitaka nusu sekunde kwa f/8, yaani stopu tano zaidi, na mwezi kwenye fremu ile ukawa tundu jeupe. Jioni ya huku haina subira. Jua linashuka karibu wima, na kuanzia linapozama una dakika 20 na kidogo za mwanga wa kufanyia kazi. Cha mbele kiwe kimeshachaguliwa na tripodi imeshasimama kabla ya hapo.

Jumamosi: bamvua

Leo ndiyo siku niliyoisubiri. Nyali tena, lakini saa tatu asubuhi, saa ambayo vitabu vingi vya upigaji picha vinakwambia urudi kulala. Maji yametoka kabisa. Pale palipokuwa na bahari Jumanne kuna mwamba, vidimbwi, majani ya bahari yaliyolala upande mmoja, na watu wenye vijiti wanatafuta pweza. Sehemu ya bahari hii imehifadhiwa tangu 1986, na mwamba ni kiumbe hai, kwa hiyo tulifuata mchanga na mawe yaliyokufa, tena tukiwa na viatu, kwa sababu ya wale weusi wenye miiba mirefu wanaojificha kwenye mashimo.

Mwanga ni mkali, unatoka juu, vivuli vifupi. Siudharau. Mwanga huu peke yake ndio unaoingia ndani ya maji na kufikia chini. Kidimbwi ambacho alfajiri ni kioo cha mbingu, saa tatu u nusu ni dirisha: unaona kiti cha pweza mwekundu, vijisamaki vya milia, mchanga mweupe na kivuli cha kila kimoja. Kinachobaki kukizuia ni mng'ao wa juu ya maji, na hapo filta ya polaraiza inafanya kazi yake. Unaizungusha huku unatazama maji, sio mbingu. Inakula stopu moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo ile 1/200 ya f/11 ikashuka hadi karibu 1/60, na tripodi ikawa lazima, maana mikono kwenye upepo haiaminiki.

Ubaya wa filta hii kwa lenzi pana ni mbingu. Inaitia giza zaidi sehemu iliyo digrii 90 kutoka kwenye jua, na lenzi inayoona digrii 97 inachukua sehemu hiyo pamoja na zile zisizoguswa. Matokeo ni doa la buluu nzito katikati ya mbingu nyepesi. Tuliipunguza mbingu mpaka ikabaki ukanda mwembamba juu kabisa, na doa likakosa mahali pa kukaa.

Mzee mmoja mvuvi, ndoo mkononi, alisimama kututazama.

"Salaam aleikum, mzee."

"Waleikum salaam, wanangu. Mwapiga nini hapo, mawe?"

"Mawe na maji yaliyobaki, mzee wangu."

"Basi hapo si pahali. Nendeni pale kwenye mlango. Saa hizi maji yote ya ndani yatokea pale pamoja. Lakini mkiyaona yamesimama, rudini. Bamvua likigeuka laja mbio, na hupita nyuma yenu kwanza."

Tulikwenda. Ni mfereji uliopinda katikati ya mwamba, upana wa mlango wa kawaida, na maji yanapita humo kwa nguvu yakielekea bahari kuu. Nilikuwa nimezunguka asubuhi nzima nikitafuta mstari wa kuunganisha mbele na nyuma, na mzee aliujua kwa sababu ya samaki. Kamera kiunoni, imeelekezwa chini kidogo, mfereji ukaanzia kati ya miguu ya tripodi, ukapinda kulia, kisha kushoto, ukaishia kwenye povu la mwamba wa nje. Hapo shata ndiyo ilikuwa swali. Kwa 1/60 maji yalikuwa vipande vipande, hayana mwelekeo. Kwa sekunde nyingi yanageuka moshi, na rangi ya chini inapotea. Niliongeza filta nyeusi ya stopu tatu juu ya polaraiza, nikapata 1/8, nikafunga tundu hadi f/16 nikapata robo. Kwa robo ya sekunde maji yana nyuzi: unaona yanakokwenda, na mchanga wa chini bado unasomeka. Kwenye pembe za fremu kukawa na kiza kidogo cha filta mbili zilizopandana, nikasogeza lenzi hadi 18 kikaisha.

Binamu alinishika bega. Maji ya mfereji yalikuwa yamesimama. Tukabeba tripodi bila kuikunja, na tulipofika mchangani, njia tuliyoingilia ilikuwa na maji ya magoti.

Jumapili: Mama Ngina

Bamvua likipwa asubuhi, hujaa alasiri, kwa hiyo leo tumekwenda Mama Ngina ambako maji yaliyojaa ndiyo yanayotakiwa. Yanapiga miamba ya matumbawe chini ya barabara na kurudi na povu. Bustani ilifanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2019, na jioni ya Jumapili watu ni wengi: familia, viazi karai, mihogo, watoto kwenye kila ukuta. Mibuyu iko vile vile.

Mbuyu ukiupiga kwa lenzi pana kutoka mbali unakuwa mti mdogo wa kuchekesha. Ukiukaribia mpaka gome lijae nusu ya fremu, makovu yake, majina ya watu yaliyochongwa zamani, ile ngozi ya kijivu inayong'aa, ndipo matawi yanapofunguka juu na mlango wa Kilindini unaonekana mdogo upande mmoja. Jua lilikuwa linashuka upande wa Likoni. Gome liko kivulini, mbingu inawaka, na tofauti yake ni kubwa kuliko sensa inavyoweza kubeba kwa fremu moja bila kuchafua vivuli. Filta ya nusu giza haifai hapa: mti unakata upeo wa macho, na filta ingeitia giza nusu yake ya juu. Tulipiga fremu tatu bila kugusa kamera, moja ya kawaida, moja chini kwa stopu mbili, moja juu kwa stopu mbili, tundu lile lile f/11, inabadilika shata tu. Binamu ataziunganisha nyumbani. Nimemsihi asilifanye gome liwe jeupe kama mchana. Lilikuwa kivulini, na kivuli kina haki ya kuwa kivuli.

Jua lilipogusa ukingo wa shina nikafunga hadi f/16. Likiwa nusu limefichwa na tundu ni dogo, linatoa miale mikali yenye ncha. Likiwa wazi kabisa linamwaga madoa ya mwanga kwenye fremu nzima. Sentimita mbili kushoto au kulia zinabadilisha kila kitu, kwa hiyo hapo niliitoa kamera kwenye tripodi nikaishika mkononi.

Baada ya magharibi tulipata dakika chache za buluu juu ya miamba. ISO 100, f/8, sekunde mbili. Shata ilifunguliwa wimbi likianza kurudi, sio likija, kwa sababu povu linalorudi ndilo linalochora mistari kwenye mwamba.

Kesho maji yatapwa karibu saa tano kasoro, na bado ni bamvua. Basi la Tanga linaondoka mapema kabla ya hapo. Lenzi yangu ya 16–35 haiingii kwenye kamera ya binamu, kwa hiyo nimemwachia filta, pamoja na pete ya kuzifungia kwenye 10–18 yake. Atarudi kwenye mfereji wa mzee, aanze na robo ya sekunde, kisha ajaribu nusu.